Mng'ao Uliopaswa Kuzimika Zamani

Wasomaji wetu wapenzi, katika barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya vijana watatu wa nyumba moja, nao wametuuliza suala ambalo twaliona lastahili kupewa ukurasa mzima. Wasema kuwa nyumbani kwao pamezuka ubishi. Mmoja wao alipelekewa kwa simu sauti nzito ya kutisha, na chini yake pameandikwa kuwa hiyo ndiyo sauti ya mbingu iliyonaswa na wataalamu wa Marekani. Mjomba wao akasema kuwa ni tasbihi ya viumbe vya juu, na asiyesadiki imani yake ina upungufu. Kaka yao mkubwa, ambaye yuko chuoni, akacheka na kusema kuwa yote hayo ni uzushi, na huko juu hakuna sauti wala redio yo yote. Basi wametaka tuwaamue.

Hatupendi kuwekwa kuwa kadhi baina ya mtu na mjomba wake. Walakini asili ya sauti hiyo twaijua, na kuificha ni kuwanyima haki yao waliouliza. Mwaka 2022 shirika la Marekani la mambo ya anga, NASA, lilitoa sauti iliyotengenezwa kutokana na kishada cha galaksi kiitwacho Perseus. Ndani ya kishada hicho mna gesi yenye moto mkali, na tangu mwaka 2003 darubini ya eksirei iitwayo Chandra ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba gesi hiyo ina mawimbi yanayotanda mfano wa viduara vya maji palipotupwa jiwe. Baina ya wimbi moja na la pili hupita kiasi cha miaka milioni 10. Hapana sikio litakalosikia mlio wa namna hiyo. Kwa hiyo wataalamu waliichukua picha wakaigeuza kuwa mlio, kisha wakaupandisha maradufu, na maradufu tena, mara 57, hata ukafika mahali panaposikilika na binadamu. Wao hawakuficha jambo hilo, waliandika waliyoyafanya. Waliokata maelezo na kubakiza sauti tupu ni wapelekaji wa simu.

Ndiyo sababu hatuoni vyema kuitundika dini juu ya kitu kilichotengenezwa kwa mashine. Kesho yule mtoto aliyeambiwa kuwa ile ni tasbihi atayasoma maelezo yenyewe, na atadhani kuwa aliyemdanganya ni dini, hali aliyemdanganya ni mtu. Ama kaka aliyesema kuwa huko juu hakuna redio, yeye yu mbali na ukweli kuliko mjomba. Redio iko. Yatoka katika vishada hivyo hivyo vya galaksi, na khabari yake ni ya ajabu kuliko ile sauti ya simu.

Kwanza tuliondoe neno moja linalowapoteza wengi. Redio si sauti. Mawimbi ya redio ni ndugu wa nuru. Huenda kwa mwendo mmoja na nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na hupita mahali pasipo hewa. Sauti haiwezi hayo. Kile chombo kilichoko sebuleni ndicho kinachoyageuza mawimbi kuwa sauti, na lau si chombo hicho nyumba nzima ingejaa matangazo asiyasikie hata mmoja. Basi asemapo mtaalamu kuwa amepokea redio kutoka katika nyota, asifahamike kuwa amesikia maneno au wimbo. Amepima nuru ya namna ambayo macho yetu hayakuumbwa kuiona.

Aliyefungua mlango huu alikuwa fundi wa simu. Kampuni ya simu ya Bell ya Marekani ilimtaka Karl Jansky atafute chanzo cha mikwaruzo iliyokuwa ikiharibu mazungumzo ya kuvuka bahari. Jansky akatengeneza eriali kubwa huko New Jersey, akaipachika juu ya magurudumu ili aizungushe. Mikwaruzo mingi aliiona kuwa ni ya radi. Lakini ulibaki mvumo mmoja mwembamba uliokuja kila siku kwa kutangulia dakika 4 mbele ya jana yake. Nahodha ye yote wa pwani hii atafahamu mara moja maana ya dakika 4: hivyo ndivyo nyota zinavyochomoza, kila usiku mapema kidogo kuliko usiku uliopita. Mwaka 1933 Jansky alitangaza kuwa mvumo ule haukutoka duniani wala kwenye jua, bali kwenye ile njia nyeupe ya nyota tuionayo usiku usio na mwezi.

Njia hiyo nyeupe ndiyo galaksi yetu, nasi tumo ndani yake. Ziko nyingine zisizohesabika. Mmoja ambaye tungependa vijana wetu wamjue, kwani aliandika juu ya galaksi nyingine kabla ya kuzuliwa darubini, ni Abdulrahman as-Sufi, aliyekuwa Isfahan. Katika kitabu chake cha nyota, mwaka 964 wa kizungu, alikitaja kijiwingu kidogo kilichoko katika nyota za Andromeda. Kijiwingu kile leo chajulikana kuwa ni galaksi iliyo mbali nasi kwa kiasi cha miaka ya nuru milioni 2.5. As-Sufi hakuyajua hayo wala hakudai kuyajua. Aliandika alichokiona, kwa uangalifu, na ndiyo maana maandishi yake yangali na faida baada ya miaka elfu na zaidi.

Sasa, galaksi hazikutawanyika ovyo. Nyingi zimekusanyika katika vishada, mamia kwa maelfu pamoja, zikivutana. Kishada kilichochunguzwa kuliko vingi ni kile cha Coma. Mwenye kutaka kupajua mahali pake na atoke nje baada ya sala ya Isha katika mwezi wa Aprili au Mei, atazame upande wa kaskazini, juu kiasi cha haja, baina ya burji ya Asadi na ile nyota yenye rangi ya dhahabu waiitayo Simaki. Ataona vijinyota vyembamba kama shungi. Waarabu wa zamani walipaita Hulba, nywele za ncha ya mkia wa simba. Kishada chenyewe hatakiona kwa macho. Kipo nyuma ya vijinyota hivyo, mbali sana, kiasi cha miaka ya nuru milioni 320, nacho kina galaksi zaidi ya 1,000 zilizokwisha kutambuliwa.

Mwaka 1959 wataalamu watatu, Large, Mathewson na Haslam, waliielekeza darubini ya redio ya Jodrell Bank, Uingereza, kwenye kishada hicho. Darubini ile ni bakuli la chuma lenye upana wa mita 76, na wakati huo ilikuwa mpya. Waliona kuwa mahali palipopewa jina la Coma C pana mng'ao wa redio ulioenea, si nukta moja kama ilivyo kwa galaksi moja moja. Jambo hili halikukubaliwa upesi, wala halikustahili kukubaliwa upesi. Mtu aliye chomboni usiku, akiukaribia mji, huona kwanza mwanga mmoja uliotanda juu ya upeo wa bahari. Akisogea hukuta ni taa elfu, kila moja mbali na mwenzake. Je, mng'ao wa Coma nao si taa nyingi zilizochanganyika kwa umbali? Suala hilo lilingoja miaka 11. Mwaka 1970, huko Cambridge, Willson alitumia darubini yenye macho makali zaidi, akazihesabu zile taa moja moja, akaitoa nguvu ya kila moja katika jumla. Bado kulibaki mng'ao. Ulikuwa umetanda mahali pasipo galaksi, katika nafasi yenye upana wa kiasi cha miaka ya nuru milioni 3.

Katika nafasi hiyo mna nini basi? Jawabu la suala hili, wasomaji wetu, lilipita pwani yetu, nasi twasikitika kwamba walio wengi wetu hawaijui khabari hiyo. Tarehe 12 Disemba mwaka huo huo wa 1970, Wakenya walipokuwa wakisherehekea mwaka wa 7 wa uhuru wao, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, lililosimamishwa baharini mbele ya Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta: mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na chombo kinachozunguka juu ya ikweta huepukana na sehemu kubwa ya zile chembe kali za angani zinazovuruga vipimo vya eksirei. Chombo kilichopandishwa kilikuwa cha Wamarekani, cha kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za mbinguni tu, na msimamizi wa mradi wake, Bibi Marjorie Townsend, alikipa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa kuwaheshimu wenyeji. Kilifanya kazi hata Machi 1973. Hata leo kitabu cho chote cha ilimu hiyo, kiwe cha Kijapani au cha Kijerumani, hakina budi kuliandika neno hilo la kwetu.

Uhuru ndicho kilichobainisha kwamba vishada vya galaksi, na Coma kimojawapo, hutoa eksirei kutoka katika eneo lake zima. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tunzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka 1974 chombo kingine, Ariel V cha Waingereza, kikaruka kutoka jukwaa lile lile la Malindi, na mwaka 1976 kikatoa ushahidi uliomaliza ubishi: katika eksirei za kishada cha Perseus ilionekana alama ya chuma, kwa namna ambayo haiwezi kutoka illa katika gesi yenye moto wa ajabu. Basi ikajulikana kuwa ile nafasi tuliyoidhania kuwa tupu imejaa gesi. Katika Coma joto lake lakaribia digrii milioni 100, hali kitovu cha jua letu ni kiasi cha digrii milioni 15. Nayo ni nyembamba mno, hata katika lita nzima ya nafasi hiyo hutapata illa chembe chache za kuhesabika kwa vidole. Lakini kwa ukubwa wa mahali, uzito wa gesi hiyo kwa jumla wapita uzito wa nyota zote za kishada.

Gesi hiyo ya moto ndiyo itoayo eksirei; lakini haitoi redio tunayoizungumza. Redio yataka vitu viwili zaidi. Yataka elektroni zinazokwenda kwa mwendo unaokaribia mwendo wa nuru, na yataka sumaku ya kuzipinda njia. Elektroni ikipindwa hivyo hutoa mawimbi ya redio. Sumaku iliyomo ndani ya vishada ni dhaifu kuliko hii ya dunia igeuzayo dira zetu, kwa kiasi cha mara laki moja. Hata hivyo yatosha, kwani imeenea mahali pakubwa.

Hapa ndipo penye fumbo. Elektroni inayotoa redio hailipwi. Hutoa katika mali yake mwenyewe mpaka ikafilisika. Wataalamu wamehesabu kuwa elektroni za namna hii, ndani ya kishada, huchoka kwa muda wa kiasi cha miaka milioni 100. Kwetu ni muda usiofikirika, lakini kwa vishada vilivyodumu maelfu ya mamilioni ya miaka ni kitambo kidogo. Tena ukisema kuwa elektroni hizo zilitoka katika galaksi moja iliyo katikati kisha zikaenea, hesabu yakukataa: njia ni ndefu na wao wana vizuizi, zingechoka kabla ya kufika. Mwaka 1977 Walter Jaffe aliuweka wazi ugumu huu juu ya Coma. Mng'ao ule ulipaswa kuwa umezimika zamani, nao ungaliko, tena umeenea pote.

Mtu akiingia katika nyumba iliyohamwa mwaka jana, akakuta jikoni kaa jekundu, hatasema kuwa kaa hili limedumu mwaka mzima. Atasema kuwa pana mtu aliyeingia akalipuliza. Basi nani anayepuliza katika vishada?

Palikuwa na majawabu mawili makubwa. La kwanza, lililoelezwa na Dennison mwaka 1980, lilisema kuwa hapana kupuliza, bali makaa mapya yazaliwa daima: protoni zenye mwendo mkali, ambazo hazichoki upesi kama elektroni, huzigonga chembe za gesi, na katika kugongana huko hutoka elektroni mpya. Ni rai nzuri, nasi twaipenda kwa usahili wake. Lakini ina deni. Magongano hayo yalipaswa kutoa pia miali ya gama, na darubini ya Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, imeitafuta miali hiyo katika Coma miaka mingi bila ya kupata kiasi ambacho kingetosha kuueleza mng'ao wote kwa njia hiyo peke yake.

Jawabu la pili ni la mgongano. Vishada huvutana, na hatimaye viwili huingiliana kwa mwendo wa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Hayajulikani matukio yenye nguvu kuwapita haya tangu mwanzo wa ulimwengu. Galaksi zenyewe hupishana, nyingi bila ya kugusana, kwa kuwa baina yao mna nafasi kubwa. Gesi ndiyo igonganayo, na husukwa kama bahari ya kusi iliyokutana na mkondo. Msukosuko huo huzipata zile elektroni zilizochoka na kuzitia mwendo upya. Huo ndio mpulizo.

Jawabu hili laweza kutahiniwa. Likiwa kweli, mng'ao utaonekana katika vishada vilivyogongana karibuni na kukosekana katika vilivyotulia. Wataalamu wakiitumia darubini ya redio iliyo karibu na Pune, Uhindi, yenye mabakuli 30, walivichunguza vishada vikubwa kiasi cha 50, na matokeo yalitolewa mwaka 2007 na 2008. Vilivyo vingi havikuwa na mng'ao wo wote. Vilivyokuwa nao ni vile ambavyo eksirei zake zaonyesha gesi iliyovurugika. Na Coma penyewe dalili zimo: katikati pana galaksi mbili kubwa mno badala ya moja, na pembeni kuna kikundi kingine kinachokiingia kishada. Mwaka 2008 hiyo hiyo palionekana katika kishada kiitwacho Abell 521 mng'ao ulio na nguvu katika mawimbi marefu na kufifia upesi katika mafupi, kama unavyotarajiwa kwa elektroni zilizosukumwa kwa msukosuko hafifu. Kwetu sisi hoja hii ni nzito, ijapokuwa protoni nazo hazijatolewa barazani kabisa, kwani wako wanaosema kuwa huenda zikawa ndizo zinazoleta makaa yanayopulizwa.

Mgongano huacha alama nyingine pembezoni. Wimbi la mshindo hutoka nje, na mahali lipitapo hubaki utepe wa redio. Mmoja ulioelezwa mwaka 2012 una urefu wa kiasi cha miaka ya nuru milioni 6, umenyooka, na ncha moja ni pana kama yenye nywele, hata wataalamu wameuita Mswaki. Wamekusudia wa dukani, si wa mti, lakini mfano ni mzuri. Na mwaka 2019 Federica Govoni na wenzake waliona kwa darubini ya LOFAR, ambayo eriali zake nyingi ziko Uholanzi, ukungu wa redio uliotanda baina ya vishada viwili, Abell 399 na Abell 401, ambavyo bado havijagongana na vimeachana kwa kiasi cha miaka ya nuru milioni 10. Huko hata mgongano haujafika, na makaa yamekwisha kuwaka. Sumaku iliyoko hapo nayo imetoka wapi? Hakuna aliyetoa jawabu likanyamazisha wengine.

Twawaeleza vijana haya kwa sababu kazi hii haifanywi ng'ambo peke yake. Katika jangwa la Karoo, Afrika ya Kusini, kuna darubini ya MeerKAT yenye mabakuli 64, iliyofunguliwa Julai 2018, na mwaka 2022 zilitolewa picha zake za vishada 115. Mabakuli hayo yataingizwa katika darubini kubwa zaidi iitwayo SKA, na Kenya ni mojawapo ya nchi 8 za Afrika zilizoshirikishwa tangu mwanzo wa mipango yake. Zinatakiwa hesabu na fizikia, na kijana wa kike au wa kiume aliyezishika vyema hana sababu ya kuona kuwa mlango huo ni wa wengine. Malindi tuliwapa watu mahali pa kurushia na jina la chombo; waliosoma vipimo walikuwa wageni.

Iko pia khofu, na hii haingoji mtu amalize shule. Mng'ao wa vishada ni dhaifu, na waonekana vyema katika mawimbi marefu, jirani na yale yatumiwayo na stesheni zetu za FM. Kwa ajili hiyo Afrika ya Kusini ilipitisha sheria mwaka 2007 ya kuilinda Karoo isiingiliwe na redio za watu. Lakini sheria ya ardhini haimzuii apitaye juu. Mwaka 2023 wataalamu wa LOFAR walipima vyombo vya Starlink, ambavyo vinawapa wengi intaneti, na wakakuta kuwa vyavuja redio isiyokusudiwa katika mawimbi hayo hayo. Mwaka 2024 wakapima vya toleo la pili, wakakuta kuwa uvujaji wake wafika hata mara 32 ya vile vya kwanza. Hakuna kanuni ya kimataifa iliyowekwa kwa uvujaji wa namna hiyo, na vyombo vipya hupandishwa karibu kila juma.